Wasifu wa baba aliyekuwa fundi magari na askari wa Kagera

SWALI: Shikamooni wahariri. Baba yetu ametutoka, tunazika Jumamosi nyumbani Old Moshi. Alikuwa fundi magari, akaenda Vita vya Kagera, akarudi akatulea watoto saba. Kaka ameandika wasifu wa ukurasa mmoja: kuzaliwa, shule, "alifanya kazi ya ufundi", ndoa, kuugua, kifo. Tukiusoma tunaona baba hayumo. Halafu shangazi anasisitiza kwamba baba aliingia Kampala mwaka 1978, mama anakataa. Tufanyeje, na siku zimebaki chache?
Mtoto wa marehemu, Moshi

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Mpangilio wa kaka uacheni ulivyo, waombolezaji wameuzoea na wanaufuata bila shida. Penye upungufu ni pale kwenye ufundi. Mtu ameshika spana maisha yake yote, halafu kazi hiyo imepewa maneno manne!

Kwanza muulizeni mchungaji au katekista mna dakika ngapi. Wasifu ukisomwa kwa utulivu, dakika moja inabeba maneno kama 100. Mkipewa dakika sita mna maneno 600, na tungeshauri 200 kati ya hayo yawe ya kazi yake. Mtayapata usiku huu kwa kuwapigia simu vijana aliowafundisha na wenye magari waliokuwa wakimfuata. Msiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana mtajibiwa "mcheshi, mpenda watu", na hayo husemwa kwenye kila msiba. Waulizeni: ni magari gani watu walikuwa wanamletea yeye tu? Gari likigoma kuwaka alikuwa anaanzia wapi? Nani alianza kwake kama spana boi na leo ana gereji yake?

Kisha tafuteni daftari lake. Mafundi wa umri wake waliandika vipimo kwa mkato. Mkikuta mstari kama "L/R 2¼, 10, 1342", hiyo ni Land Rover ya petroli ya lita 2.25. Ile 10 ni nafasi ya tapeti (upenyo unaoachwa kati ya valvu na kipande kinachoisukuma), sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani milimita 0.25. Namba 1342 ni mpangilio wa silinda kuwaka: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Waya za plagi zikikosewa mpangilio huo, injini inapiga mafua au haiwaki kabisa. Tapeti zikibanwa mno valvu hazifungi sawasawa, zinaungua. Sentensi moja tu, kwamba alipima tapeti kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) na hakukisia kwa sikio, itawafanya mafundi wenzake waliokaa nyuma ya turubai watikise vichwa. Wao ndio wanaojua uzito wa maneno hayo.

Kuhusu Kampala, mama yupo sahihi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita tarehe 2 Novemba. Mwaka ule mapigano yalikuwa bado upande wetu, na daraja la Kyaka lilikuwa limebomolewa. Mutukula ilitwaliwa Januari 1979, Masaka Februari, mapigano ya Lukaya yakawa Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita viliisha mwanzoni mwa Juni. Mwezi huohuo wa Machi, hapohapo Moshi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana na kuunda UNLF, chama kilichoshika serikali baada ya Amin. Ikiwa baba alirudi nyumbani mwaka 1981 msishangae wala msisahihishe. Sehemu ya jeshi letu ilibaki Uganda hadi mwaka huo.

Angalieni pia aliingia vitani kama nani. JWTZ (jeshi la ulinzi), JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na mgambo ni mambo tofauti, na wapo watakaokuja kuzika wanaozijua tofauti hizo. Tazameni cheti chake cha kumaliza utumishi, namba ya jeshi na jina la brigedi. Zilizopigana ni pamoja na ya 201, 206, 207 na 208. Hati zikikosekana, andikeni "alishiriki Vita vya Kagera 1978–79" muishie hapo. Kumpandisha cheo marehemu ni kumvunjia heshima, hasa mbele ya waliokuwa naye kwenye handaki. Na kama vitani alikuwa akitengeneza malori, semeni hivyo kwa fahari. Magari ya raia yalichukuliwa kwa wingi kubeba askari na risasi, na yote yalihitaji fundi. Ofisi ya Mshauri wa Mgambo wilayani ni mahali pazuri pa kuanzia mkitaka kuuliza juu ya taratibu za heshima za kijeshi.

Majina ya watoto yasomwe mbele ya kikao cha familia kabla karatasi haijaenda kuchapwa. Watoto wote watajwe, na wa nje ya ndoa pia. Jina likirukwa pale kaburini, ugomvi wake utadumu kuliko matanga. Tarehe ya kuzaliwa ilinganisheni na cheti cha ubatizo. Kama mnajua mwaka tu, andikeni mwaka. Ugonjwa utajwe kwa kiasi alichokubali mama. Msomaji awe mpwa au jirani mwenye sauti thabiti, apewe karatasi yenye herufi za ukubwa wa 16, asome mara mbili kwa sauti siku ya kuamkia mazishi.

SWALI: Tumeshaanua tanga. Boksi la spana la marehemu babu lina kutu, wajomba wanataka kugawana. Tulitunzeje, na picha zake za jeshini?
Mjukuu, Kiboriloni

JIBU: Pigeni picha boksi lote kabla ya kugawa. Kutu itolewe kwa kuloweka spana kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kusugua kwa brashi ya waya, kukausha kabisa, kisha kupaka oili ya injini kidogo kwa kitambaa. Msitumie mashine ya kusagia. Mafundi wengi waliweka alama zao kwa kukata mikato midogo ya tupa kwenye mpini, na mashine itaifuta. Mkikuta spana iliyopindwa kwa moto au kusagwa ikawa nyembamba, msiitupe. Aliitengeneza ifikie nati fulani isiyofikika. Muulizeni fundi aliyefanya naye kazi ni nati ipi, mfunge kijikaratasi chenye jibu.

Anayerithi kwa ajili ya kazi atenganishe za inchi na za milimita. Spana ya nusu inchi ni milimita 12.7, na ukiifungulia nati ya 12 ya Toyota inakula kona zake. Spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza nati) irudishwe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo springi inachoka na kipimo kinadanganya. Jeki ya haidroliki ishushwe yote, na asilale mtu chini ya gari iliyoinuliwa nayo kabla fundi hajaikagua sili zake.

Picha na vyeti msivifanyie laminesheni. Joto lake linaharibu karatasi na plastiki haitoki tena. Skanini kwa 600 dpi, kisha muweke kila moja kwenye bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe. Ipigeni picha ikiwa palepale, kwenye mwanga wa dirishani, bila flashi.