Flashi ni ya kubebea, usiifanye ghala

Kabla sijachomeka flashi ya mtu iliyogoma, huwa namuuliza swali moja: kazi hii ipo mahali pengine popote? Wengi hunitazama tu. Waliihamishia kwenye flashi ili kompyuta ipate nafasi, wakaamini sasa iko salama kwa kuwa wanaishika mkononi. Lakini faili iliyo mahali pamoja haina nakala rudufu, hata kama mahali penyewe ni kifaa ulichonunua kwa ajili ya kuhifadhi. Ukikata na kubandika, umehamisha. Nakala ni pale faili ya kwanza inapobaki ilipokuwa.

Nasisitiza hivi kwa sababu flashi hufa vibaya. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Kuna chipu inayohifadhi data kwa kunasa chaji za umeme kwenye seli ndogo mno, na kidhibiti kinachojua kipi kimewekwa wapi. Kila unapoandika na kufuta, seli zinachakaa kidogo. Ikikaa miaka kwenye droo bila kuguswa, chaji hizo huvuja polepole, na joto huzidisha uvujaji. Kidhibiti nacho kikiungua, basi: jana ilifunguka vizuri, leo kompyuta haioni kitu. Diski ya kawaida inayozunguka mara nyingi hutoa dalili, inaanza kugongagonga au kuwa nzito. Flashi mara nyingi haiagi.

Kwa hiyo ninachomshauri kila mtu ni ule mpango wa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani au ofisini. Kwangu mimi faili halisi iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi haimo kwenye hesabu. Yenyewe ni ya kupeleka kazi kuchapisha au kumpa mwenzangu. Kama huna uwezo wa diski ya nje wala intaneti ya kutosha, basi nunua flashi mbili za kampuni tofauti, weka kazi ileile kwenye zote, na moja mwachie mtu unayemwamini. Si mpango kamili, ila unashinda flashi moja mara nyingi sana. Na kila baada ya muda ifungue hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine. Kuona jina la faili hakutoshi, fungua usome.

Linaloniuma zaidi ni flashi bandia, kwa sababu humdhuru mtu aliyefanya kila kitu sawasawa. Juu imeandikwa TB 1 au 2, na kompyuta nayo inaonyesha hivyohivyo, kumbe chipu ya ndani ni ndogo na kidhibiti kimepangwa kudanganya. Unanakili picha zako, hakuna kosa lolote linalotokea, majina yote yanaonekana. Siku ukizifungua, zile zilizozidi uwezo halisi ni tupu au zimeharibika. Flashi mpya usiipe kitu cha maana kabla ya kuipima. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa kimebaki. Inachukua muda mrefu. Iache ifanye.

Ukiambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo tele, flashi haina ubovu. Imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Toa vilivyomo, ifomati kwa mpangilio mpya zaidi wa exFAT, itasomeka Windows, Mac na Linux za miaka ya karibuni. Ila exFAT haivumilii kuchomolewa katikati ya kuandika, hivyo bofya kwanza Eject kwenye kompyuta kila mara kabla ya kuichomoa, hata kama Windows 10 na 11 zimelegeza jambo hilo.

Folda zote zikigeuka njia za mkato (shortcut), hicho ni kirusi, na mara nyingi faili zako bado zimo, zimefichwa tu. Tafadhali usifomati, wala usibofye hizo njia za mkato. Isafishe kwa antivirusi, kisha uwashe uonyeshaji wa faili zilizofichwa, pamoja na zile za mfumo. Na kama umefuta kitu kwa bahati mbaya, acha kuandika chochote humo papo hapo. Programu ya kuokoa faili iitwayo PhotoRec inaweza kukirudisha, mradi unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine.

Limebaki suala la kupotea kwenyewe, maana kifaa kidogo namna hii hudondoka popote. Flashi yenye nakala za vitambulisho, mikataba au majibu ya vipimo ifungwe kwa nenosiri, kwa BitLocker, programu ya kufunga data iliyomo ndani ya baadhi ya Windows, kama yako inayo, au VeraCrypt ambayo ni ya bure. BitLocker itakupa ufunguo wa dharura: uchapishe au uuweke mbali na flashi hiyo. Ukisahau nenosiri na ufunguo huna, hakuna fundi atakayeifungua.