Jibu: Picha kubanduka kwenye droo
Ndugu, umesema ulitaka kuhamishia picha ya karatasi kwenye droo, yaani karatasi isuguliwe itoke na wino ubaki. Droo ina rangi ya mafuta inayong'aa, picha ukaibandika kwa gundi ya mbao, na ulipoisugua baada ya saa mbili ikatoka pamoja na karatasi. Rangi ya kung'aa haishiki gundi vizuri. Piga msasa namba 220 mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, kisha tumia vanishi ya maji badala ya gundi, kwani gundi hiyo nyeupe ya mbao hulainika tena ikilowa. Tabaka liwe jembamba, ila lisiache sehemu kavu.

Picha iwe ya fotokopi au printa ya leza. Ya wino wa maji itachujuka tu, usihangaike nayo. Maandishi yageuze kama kwenye kioo kabla ya kuchapa. Laza picha kifudifudi, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu. Kila puto la hewa huacha tundu.

Subiri saa 24, msimu wa mvua 48. Hapo ndipo uloweshe karatasi kwa sponji na kusugua kwa ncha za vidole, kamwe si kucha. Ikikauka ikaonyesha ukungu mweupe, hizo ni nyuzi za karatasi: lowesha tena, sugua kwa upole, hata mara tatu. Kisha vanishi, tabaka mbili.