Kabla hujanunua maiki nyingine, tuliza chumba kwanza

Chumba nilichopanga Makindye ni futi 10 kwa 10, kuta za plasta tupu, sakafu ya saruji, juu mabati na dari hakuna, yaani kile chumba kimoja ambacho hapa Kampala kila mtu anakiita muzigo. Mwaka wa kwanza nilirekodi sauti ya kuimba humo na kila wimbo ulitoka kama nimeimbia bafuni. Nikadhani tatizo ni maiki. Nikajinyima miezi, nikanunua kondensa, ile maiki yenye masikio makali, mambo yakazidi kuharibika, maana kondensa inasikia kila kitu, mwangwi, jirani anakaanga, boda inapita, mpaka kuku wa mwenye nyumba.

Ebu jaribu hivi leo: simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia kitu kama tiriririri kinakimbia baada ya kofi, hiyo ni sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana, na itaingia kwenye kila neno utakaloimba. Rivabu, yaani mwangwi, ya kuongeza baadaye ipo kwenye programu yoyote, lakini ya chumba ikishaingia kuitoa ni shida kweli.

Trei za mayai tafadhali acha. Mimi nilizikusanya kwa jamaa anayekaanga rolex (chapati ya mayai) pale steji, nikajaza ukuta mzima, na kofi likalia karibu vilevile. Ni karatasi nyepesi, inapunguza kidogo tu makali ya sauti za juu, halafu inashika moto haraka na wengi wetu tunapikia humohumo ndani. Na gundi ilibandua rangi, mwenye nyumba alinikasirikia na alikuwa na haki.

Kilichonisaidia ni unene. Sauti ya 1000 Hz (mitetemo 1000 kwa sekunde) wimbi lake lina urefu wa kama sm 34, na ili uimeze vizuri unataka kitu kinachokaribia robo ya hapo, sm 8 au 9 hivi. Ndo maana kasponji ka sm 2 kanakula ile "sss" tu, mvumo wa chini kanauacha, unabaki na sauti nzito imefunikwa kama mtu anaongea ndani ya gunia. Nilienda soko la Owino nikanunua mataulo na blanketi nzito za mitumba, seremala akanipigia fremu mbili za mbao zinazonizidi urefu kidogo, nikapanga mataulo yaliyokunjwa ndani na kufunika na kitenge. Zinasimama zenyewe chini, hakuna msumari ukutani, na siku nikihama nabeba. Ziache mbali na ukuta kama kiganja hivi, hiyo hewa ya nyuma inasaidia kushika sauti za chini zaidi.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea: fremu wanaiweka nyuma ya maiki. Maiki ya kadioidi, ile inayosikia zaidi upande wa mbele, mgongoni haisikii sana, inachosikia ni wewe na ukuta ulio nyuma YAKO. Kwa hiyo ning'iniza blanketi nyuma ya mgongo wako na pembeni, hata kama una moja tu anzia hapo. Godoro nalo lisimamishe kwenye kona.

Usisimame katikati kabisa wala konani. Chumba cha mraba kama changu kinavumisha sauti za 56 Hz na tena 112 Hz kupita nyingine, urefu na upana vyote pamoja, na hiyo 112 iko ndani kabisa ya sauti ya mwanaume, mimi kuna noti moja ilikuwa inavuma peke yake mpaka niliposogea kama theluthi ya chumba. Mdomo uwe sm 15 mpaka 20 kutoka maiki, weka soksi ya kike kwenye waya mbele yake kuzuia "p" na "b". Ukirudi nyuma mara mbili ya hapo sauti yako inashuka kama desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) lakini mwangwi unabaki palepale.

Na uelewe, mataulo hayazuii kelele za nje. Kwa hizo mimi naongea na majirani, naomba muda wa saa mbili hivi mchana wakiwa kazini, nazima feni na friji, narekodi kwanza sekunde 30 za kimya nizisikilize kwa hedifoni. Mvua ikianza kwenye mabati nazima laptopu, nakaa kuandika mistari mpaka ikatike.