Umetoka wodini? PIN yako usiiachie (kwa manesi wenzangu mlioko Uingereza)

Swali linalonifikia sana siku hizi ni hili, dada nimepata kazi ya ofisini, sivai tena yunifomu, sasa ile rivalidesheni ya NMC, yaani kuhuisha usajili kila miaka mitatu kwenye baraza la manesi na wakunga la huku, nafanyaje au niiache tu PIN, namba yangu ya usajili, ife. Usiiache. Hasa wewe uliyetoka Tanzania au Kenya ukapiga CBT, ule mtihani wa kompyuta, ukapanda ndege, ukafanya OSCE, ule wa vitendo, vituo vyote 10 huku mikono inatetemeka, halafu leo uiachie kisa umepata meza na kompyuta? Mi mwenyewe nilianzia wodi ya wazee, nikahamia kwenye kutathmini watu wanaoomba PIP, yaani yale mafao ya ulemavu, kazi nyingi naifanya kwa simu, na PIN yangu iko hai mpaka leo. Inawezekana kabisa ila inataka mpangilio ambao wodini hukuuhitaji.

Tuanze na masaa maana ndo yanawatisha watu. NMC wanataka masaa 450 ndani ya miaka 3, na kama umesajiliwa nesi na mkunga kwa pamoja ni 900. Likizo na siku za kuumwa hazihesabiwi. Sasa piga hesabu, fulltaimu ya NHS, yaani hospitali za serikali, kwa England ni masaa 37.5 kwa wiki, kwa hiyo 450 ni wiki 12 tu za kazi katika miaka mitatu mizima! Shida ya mtu wa ofisini ni je, hayo masaa yake ni ya kinesi au siyo. Wengi wanadhani lazima kuwe na kitanda na mgonjwa amelala. Hapana, wanachoangalia ni kama kazi yako inategemea ujuzi, maarifa na uzoefu wako wa uuguzi. Anayefundisha wanafunzi anahesabu, wa utafiti anahesabu, meneja, wa sera, wa kudhibiti maambukizi, anayepokea simu za 111 za ushauri wa afya, wote wanahesabu. Hata masaa uliyofanya kama nesi nje ya Uingereza unaweza kuyaweka.

Kipimo changu mimi ni tangazo la kazi. Kama liliandika lazima uwe na PIN, hamna mjadala, kama kazi yangu ya PIP wanachukua manesi, mafizio, maparamediki na wenzao, huwezi kuingia bila usajili wa taaluma yako. Kama halikutaja PIN basi kaa chini ujiulize kwa ukweli, hivi hapa nikimtoa nesi nikaweka mtu mwingine mwenye akili timamu asiye na mafunzo ya afya kazi itaenda vilevile? Kupanga rota na kuingiza data sijui utaitetea vipi. Na hapa niseme kuhusu kazi ya ukea, yaani ya kuhudumia wazee na wagonjwa kama msaidizi, maana ndo inawaponza wengi wetu, mtu ana PIN ila anafanya kea kwa sababu shifti zinapatikana haraka, kisha mwaka wa tatu anataka kuyahesabu yale masaa. Kama uliajiriwa kufanya kazi ambayo haihitaji nesi mi nisingeyategemea, tafuta shifti za benki, yaani zile za kujaza nafasi hospitalini, ukiwa kama nesi, chache kila mwezi zinatosha kukufikisha 450 bila presha.

Ila kabla hujakimbilia benki soma viza yako, tafadhali. Uliye kwenye viza ya Health and Care umefungwa na kazi iliyoandikwa kwenye sponsa yako, kazi ya pembeni ina masharti na ina kikomo cha masaa kwa wiki, na ukibadilisha kazi kabisa huenda ukatakiwa kuomba viza upya. Usimuulize mtu wa kanisani, waulize watu wa ajira hapo kazini kwako.

Haya, masaa yamepita, sasa kinachowakwamisha watu wa ofisini kikweli ni karatasi. Zinatakiwa mirejesho 5 kuhusu kazi yako, tafakari 5 ulizoandika mwenyewe, kikao cha kuzijadili hizo tafakari na mtu aliyesajiliwa NMC, halafu mtu wa kukuthibitishia. Wodini haya yanakuja yenyewe, mgonjwa anaacha kadi ya shukrani, sista yuko pale, mnakaa chai mnajadili imeisha. Ofisini unaweza kujikuta meneja wako ni mtu wa biashara hajui hata NMC ni nini, na timu nzima nesi ni wewe peke yako. Anayekuthibitishia anaweza kuwa meneja wako hata kama siyo nesi, hiyo inaruhusiwa, ila kikao cha tafakari lazima kiwe na nesi au mkunga, au nursing associate, ile ngazi kati ya kea na nesi, aliye kwenye rejista. Kwa hiyo mtafute mapema, rafiki yako wa wodi ya zamani anafaa, si lazima mfanye kazi sehemu moja. Mi wangu tulifanya OSCE pamoja, tunajadiliana kwa video, mwaka wake mimi, mwaka wangu yeye.

Mirejesho nayo si lazima itoke kwa mgonjwa. Inaweza kutoka kwa mwenzako wa kazini, mwanafunzi, tathmini yako ya mwaka, hata malalamiko. Kwetu kuna wanaokagua ripoti zetu na kuandika maoni, wanakukosoa kweli, ila kila karatasi yao ni mrejesho. Ukipata kitu kiandike siku hiyohiyo, mistari miwili inatosha, na usiweke jina la mtu wala kitu kitakachomtambulisha, iwe mgonjwa au mfanyakazi mwenzako.

Kwenye tafakari ndo nataka mtulie kidogo maana naona watu wanaandika mambo ya ajabu, wanabuni mgonjwa wa wodini ambaye hayupo wakidhani ya ofisini hayana uzito. Chukua mfano, uko kwenye simu na mama unamuuliza anajivalishaje nguo, anajipikiaje, katikati ya maongezi anakwambia kidonda cha mguu anakifunga mwenyewe na siku hizi kimeanza kutoa harufu na mguu umekuwa wa moto mpaka juu. Fomu yako haina swali la harufu. Lakini we nesi unajua hapo kuna maambukizi, unasimamisha maswali, unamuuliza kuhusu homa na sukari, unamwelekeza apigie daktari wake leoleo, unaandika ulichomshauri. Hiyo ni tafakari kamili! Eleza ilikuwaje, umejifunza nini, umebadilisha nini kwenye kazi yako, kisha ihusishe na Code ya NMC, yaani kanuni zao za kazi, hapo ni kulinda usalama na kutanguliza watu, basi. Ukurasa mmoja. Na tumia fomu zao wenyewe kwa tafakari, kwa kikao na kwa uthibitisho, usijitungie.

Mafunzo ni masaa 35 kwa miaka mitatu, 20 kati ya hayo yawe ya kushiriki na watu wengine, na vikao vya mtandaoni mnavyoongea vinahesabiwa. Yale mafunzo ya moto ya kila mwaka usiyaweke, hayahusiani na uuguzi wako.

Tarehe sasa. Usajili unaisha siku ya mwisho ya mwezi ila maombi ya rivalidesheni mwisho wake ni tarehe 1 ya mwezi huohuo, kwa hiyo kama unaisha 30 Aprili ujue siku yako ni 1 Aprili. Mfumo unafunguka siku 60 kabla. Ada ni ya kila mwaka, mwaka 2015 ilipandishwa kuwa pauni 120, unaweza kulipa kwa awamu ikatwe benki yenyewe, na kama unalipa mwenyewe dai nafuu ya kodi HMRC, yaani mamlaka ya kodi, wanakubali kurudi nyuma miaka minne, watu wengi hawajui wanaacha hela yao bure. Ukipitwa na tarehe jina linatoka kwenye rejista, kurudishwa kunachukua wiki kadhaa na muda huo huruhusiwi kufanya kazi kama nesi, na kama kazi yako ya ofisini inataka PIN nayo inasimama. Na ukikosa masaa yenyewe ndo wanakupeleka kwenye kozi ya kurudi kazini au mtihani wa uwezo, yaani CBT na OSCE tena. Nani anataka kurudi pale kituo cha OSCE Northampton kumsalimia yule mwanasesere wa mtihani?

Vyeti na fomu huzitumi, unatangaza tu kwamba umekamilisha, ila wanaweza kukuchagua wakukague, kwa hiyo faili likae tayari na usilitupe mpaka rivalidesheni inayofuata ipite.

La mwisho ni usajili wa nyumbani, uwe wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania au Nursing Council ya Kenya. Mkifika huku mnausahau. Siku ukitaka kwenda Ireland au Marekani watataka uthibitisho kutoka kila sehemu uliyowahi kusajiliwa, siyo Uingereza peke yake, na kulipa madeni ya miaka huku unafuatilia barua kwa simu ukiwa mbali inachosha sana. Lipa ada ya huko, na kama akaunti yako ya huko imeunganishwa na ile imeili ya chuoni ambayo nywila yake umeshaisahau, ibadilishe wiki hii.