Ukitaka Kihispania kikae, pitia Kiswahili kwanza

Jamani nyie mnaotembeza wageni hapa Zanzibar na skuizi mmeanza kujifunza Kihispania, nna ushauri mmoja tu na naomba muuchukue kwa uzito. Ukikutana na yale maneno ya Kiingereza yaliyounganishwa mawili matatu, usiyapeleke Kihispania moja kwa moja, yaseme kwanza kwa Kiswahili.

Wengi wetu tunasoma Kihispania kwa vitabu na app za Kiingereza, kwaiyo kichwa kinazoea kupita njia hiyo hiyo, na Kiingereza kinapanga maneno kinyume, kitu chenyewe kinakuja mwisho. "Coconut milk", nazi mbele tui nyuma. Sisi tunasema tui la nazi na Mhispania anasema leche de coco, mpango ule ule kabisa, ile "de" yake ndo "la, ya, wa, cha" yetu. Sasa chukua refu, "spice farm tour guide". Kwa Kiswahili ni kiongozi wa ziara ya shamba la viungo, kwa Kihispania guía de la visita a la finca de especias, yaani unatembea nalo hatua kwa hatua mpaka mwisho, pale kwenye ziara tu ndo inaingia "a" mana ziara inakwenda pahala.

Na miti. Mimi nafanya kazi sana mashamba ya viungo ya Kizimbani na huko ndo nimeona faida yake. Kiingereza kila mti kinabandika "tree", sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, karafuu mkarafuu, nazi mnazi, na Kihispania kinabadilisha mwisho: clavo clavero, coco cocotero, limón limonero, chungwa naranja na mchungwa naranjo. Lakini embe haifati, tunda mango na mti mango. Hiyo clavo maana yake pia ni msumari, basi mpe mgeni karafuu moja kavu mkononi aitazame kile kijiti na kichwa chake, hutohitaji maelezo mengi. Lakini "clove" ya kitunguu thomu sio clavo hata kidogo, ni diente de ajo, jino la thomu.

Pahala ambapo nataka muwe makini kweli kweli ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa zamani. Pale Kiingereza kina "slave", "slavery", "slave trade", "slave market", yote yanafanana masikioni na mtu akiwa na haraka anayachanganya. Kwa Kiswahili yamejipanga wazi, mtumwa, utumwa, biashara ya watumwa, soko la watumwa, na Kihispania ni esclavo, esclavitud, trata de esclavos, mercado de esclavos. Soko lilifungwa 1873 na biashara ya kusafirisha watu kwa bahari ikapigwa marufuku, hiyo ni trata. Utumwa wenyewe, esclavitud, umeondolewa kisheria 1897, miaka 24 baadae. Ukimwambia mgeni esclavitud iliisha 1873 umewafutia watu miaka yote ile ambayo walikuwa bado wanamilikiwa, hapa Unguja na Pemba, na wengine ni mabibi na mababu zetu. Neno moja tu hilo, kwaiyo lisomeni mpaka likae ulimini.

Kuna pengine Kiswahili hakitokusaidia. Samaki ni samaki tu kwetu, wao akiwa hai baharini ni pez, ukienda kuogelea Mnemba unaona peces, akishavuliwa akafika Forodhani juu ya mkaa ni pescado. Pilipili manga ni pimienta negra, pilipili boga ni pimiento, herufi moja ya mwisho tu inabadilika na chakula ni chengine. Juisi ya muwa kwa mtu wa Hispania sema zumo de caña, kwa wa Argentina au Mexico sema jugo.

Kobe na kasa ni kinyume chake, sisi tunayo mawili na Kiingereza kinayo mawili, wao wanayo tortuga peke yake. Kwaiyo ukiwapeleka kisiwa cha Changuu kuona wale kobe wakubwa wa asili ya Aldabra sema tortuga gigante au tortuga terrestre, na kasa wa Nungwi sema tortuga marina, alafu wale wa Changuu waambie mapema kabla boti haijaondoka, mana mgeni akisikia tortuga na akaona bahari mbele yake anabeba miwani ya kuzamia.