Usiwakutanishe mashahidi kabla hujawaandika mmoja mmoja

Ndugu mleta mada, ahirisha kikao cha Jumamosi. Umeandika kwamba watu tisa wa mtaa wenu waliona msururu wa taa ukipita juu ya bahari jioni ya Jumanne, na kwamba umewaalika wote nyumbani kwako wasimulie kwa pamoja mbele ya kamera ili maelezo yao "yashikamane". Umeuliza ununue kamera ya aina gani, taarifa ipelekwe wapi, na kama jambo lenu linafanana na lile la watoto wa shule nchini Zimbabwe waliosema mwaka 1994 kwamba wameona viumbe wa ajabu. Nimelisoma neno hilo "yashikamane" nikaiacha kazi niliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu ndilo nililolitumia mimi, na maelezo niliyoyashikamanisha siku ile hayajabanduka hadi leo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa likizo kijijini kwetu, mkoa wa Pwani. Watu kumi na mmoja waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake na mahali pake, njiani, dukani, kisimani, kwamba wameona kitu cha ajabu angani jioni ya siku moja. Hapo nilikuwa na hazina mkononi bila kujua. Kila mtu alikuwa bado na kumbukumbu yake mwenyewe, haijaguswa na ya mwenzake, na kilichohitajika ni kalamu, daftari na siku moja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Badala yake nilimwandikia bwana mmoja wa mtandaoni aliyejitambulisha kuwa mchunguzi wa viumbe kutoka sayari nyingine. Alinijibu siku hiyohiyo, akaniambia niwakusanye wote pamoja kwa kuwa watu kumi wanaosema neno moja hawawezi kukosea, kisha akanitumia fomu ya maswali. Swali la kwanza lilikuwa hili: "Chombo kilikuwa na madirisha mangapi?" La tatu liliuliza kama shahidi alihisi kwamba waliomo ndani walikuwa wakimtazama. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa ametamka neno chombo, wala dirisha, wala waliomo. Maneno yote matatu yaliingia kijijini kwetu kupitia karatasi ile, na niliyeyaingiza ni mimi.

Tulikaa barazani kwa mama mdogo, juu ya mikeka, kukiwa na birika la chai ya tangawizi, na simu ya kurekodia nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kwa heshima ya umri nilimpa nafasi ya kwanza mwalimu mmoja mstaafu, mtu ambaye nusu ya waliokuwepo aliwafundisha kusoma. Nikamwuliza lile swali la madirisha. Alifikiri, akasema kilikuwa kirefu kama basi na madirisha yake yamewashwa taa. Baada ya hapo hakuna aliyebaki na ushahidi wake mwenyewe. Nani katika baraza lile angesimama mbele ya mwalimu wake na kumwambia kwamba hakukuwa na basi? Wa pili aliyaona madirisha. Wa tatu aliyahesabu, akasema yalikuwa kama ishirini. Wa tano aliona tumbo la chuma likimeremeta. Wa nane, ambaye dukani aliniambia kwa kinywa chake kwamba kilipita kimya, safari hii alisikia mvumo, na wa kumi aliona kivuli cha mtu dirishani. Naapa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo. Walikuwa watu waungwana wakisaidiana kukumbuka, na kila mmoja aliongeza tofali juu ya tofali la mwenzake, mpaka jengo likasimama ambalo hakuna aliyeliona siku ya tukio.

Wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka tisa. Alisema, "Mimi niliona nyota zinafuatana kama siafu." Watu wakacheka, shangazi yake akamfinya, nami, mwenye elimu na daftari, nikamwambia: "Hebu kumbuka vizuri, hukuona umbo lolote katikati ya hizo nyota?" Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Unasikia kikombe kikiwekwa chini, unasikia kimya cha kama pumzi tatu, kisha mtoto anasema kwa sauti ndogo, "Niliona." Katika watu kumi na mmoja huyo ndiye aliyekuwa amesema sawasawa, na ndiye niliyembadilisha kwa swali langu.

Nilikuja kuujua ukweli miezi mitano baadaye, kwa bahati. Mlinzi wa ghala la korosho hakufika barazani kwa sababu alikuwa lindoni, kwa hiyo hakuna aliyemgusa. Nilipokutana naye alinionyesha daftari lake la zamu, kauntabuku lenye jalada lililokatika, ambamo huandika kila kinachopita usiku, iwe gari, mbwa au mtu. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na mstari mmoja kwa kalamu ya bluu: saa 1:12 jioni, taa nyingi mstari mmoja, zimetoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, dakika nne hivi, hakuna sauti, zimezimika moja moja. Mstari mmoja tu, lakini una saa, upande, muda, sauti na namna zilivyoishia. Nikauchukua nikaulinganisha na tovuti inayokokotoa njia za setilaiti kwa tarehe na mahali unapotaka, na jibu likapatikana kabla chai haijapoa: ulikuwa msururu wa setilaiti za Starlink, zile za kutoa intaneti, uliorushwa siku chache kabla.

Setilaiti hizo hurushwa nyingi kwa roketi moja. Kundi la kwanza, Mei 2019, lilikuwa na setilaiti 60, na lilipopita juu ya Ulaya watu wengi walidhani ni wageni kutoka nje ya dunia. Siku za mwanzo huwa bado zimefuatana karibu karibu, kabla hazijapanda hadi kimo cha kilomita 550 hivi na kutawanyika. Jua linapokuwa limetuzamia sisi tulio chini, zenyewe huko juu bado zinamulikwa, ndiyo maana huonekana muda mfupi baada ya magharibi au kabla jua halijachomoza. Zikiingia katika kivuli cha dunia, huzimika moja baada ya nyingine mahali palepale. Yule mwalimu alisema barazani kwamba chombo kilizima taa kilipojua kinatazamwa. Alichokiona ni kweli, taa zilizimika. Nia ya kujificha ndiyo iliyoongezwa na kikao changu.

Sasa bwana yule mtandaoni. Nilikwisha kumlipa shilingi laki tatu na nusu za "uchambuzi", nikakopa sehemu yake. Aliichukua rekodi yangu, akaikata pale mtoto aliposema siafu, akaitangaza kuwa ni kijiji kizima kilichotembelewa. Nilipompelekea picha ya ukurasa wa mlinzi alinijibu kwamba mlinzi amenunuliwa, kisha akanifungia. Mtu anayechunguza kwa haki huufurahia ukurasa kama ule, kwa kuwa ndicho kitu pekee katika kesi nzima kilichoandikwa kabla watu hawajazungumza. Yeye aliuogopa. Bado nina hasira naye, si kwa ajili ya fedha, bali kwa ajili ya mtoto yule aliyetaniwa shuleni kwa mwaka mzima na mwalimu mstaafu aliyeacha kukaa barazani baada ya mambo kubainika. Wanaoniita humu Balozi wa Mirihi waendelee kuniita hivyo, mradi wasome hadi mwisho.

Usidhani haya ni ya kijiji chetu tu. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi ya Kisovieti iliyorusha chombo cha Zond 4 yaliungua yakirudi katika anga la dunia, yakaonekana kutoka majimbo kadhaa ya Marekani kama taa zilizopangana zikisafiri pamoja. Barua zilizofika kwa wachunguzi zilisomwa baadaye na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado, waliokuwa wakifanya utafiti kwa gharama za Jeshi la Anga la Marekani. Wengi walieleza vizuri walichokiona, lakini baadhi yao waliandika habari za chombo kimoja chenye umbo la sigara na safu ya madirisha yaliyowashwa. Akili iliunganisha taa na kuziba giza lililo kati yake. Ni basi lilelile la mwalimu wangu, miongo mitano kabla, na watu hao hata barazani hawakukaa.

Neno likiongezwa na mwingine ndipo mambo huharibika kabisa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kundi moja waliliuliza magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", na jingine waliliuliza kwa kitenzi kikali zaidi, mfano wa "yalipopondana". Baada ya wiki moja waliuliza kama kulikuwa na vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwapo. Katika kundi la neno jepesi, watu 7 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la neno kali, 16 kati ya 50. Kitenzi kimoja tu kimezidisha maradufu idadi ya watu wanaokumbuka vioo ambavyo havikuwapo, na mimi niliwapa watu wangu fomu nzima. Hata jina "visahani", wanavyoitwa vyombo vya wageni wa angani, lilianza kwa namna hiyo. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa angani karibu na Mlima Rainier nchini Marekani, akaeleza kwamba mwendo wake ulikuwa kama kisahani kinachorushwa kikarukaruka juu ya maji. Magazeti yakakichukua kisahani, yakauacha mwendo, na tangu hapo watu wakaanza kuona vitu vya mviringo angani.

Umetaja Zimbabwe, basi nitakujibu kwa njia ya kanuni hiyohiyo. Tarehe 16 Septemba 1994, wakati wa mapumziko katika shule ya Ariel iliyopo Ruwa, nje ya Harare, watoto 62 wa miaka 6 hadi 12 walisema wameona kitu, au vitu, vikitua vichakani, na wengine wakasema waliona viumbe. Siku mbili kabla, tarehe 14, watu wa nchi nyingi za kusini mwa Afrika waliona moto mkubwa ukikatiza anga usiku. Ilikuwa sehemu ya roketi ya Zenit-2 iliyorusha setilaiti ya Kirusi ya Cosmos 2290, ikirudi na kuungua. Redio zikajaa habari za wageni wa angani. Siku nne baada ya tukio la shule alifika Cynthia Hind, mtafiti wa taarifa za vitu vya ajabu angani, ambaye alikuwa tayari anaamini katika mambo haya, akawahoji watoto kwa makundi, huku wakisikiana. Mwishoni mwa mwaka akaja John Mack, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Harvard, ambaye mwaka huohuo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu watu wanaodai kutekwa na viumbe hao, na ni katika mahojiano yake ndipo ulipojitokeza kwa nguvu ujumbe ambao baadhi ya watoto walisema wamepewa na viumbe, kwamba binadamu wanaiharibu dunia.

Watu wengi humu hubishana kama wale watoto walikuwa waongo. Mimi sikubali hata kidogo kuwaita hivyo. Wengi wao ni watu wazima leo na bado wanasimulia kwa uzito. Ninachosema ni kwamba sijaona ushahidi wowote kuwa siku za mwanzo kuna aliyemketisha kila mtoto peke yake kwa maswali yasiyotaja umbo wala kiumbe, na nafasi hiyo ikishapotea hairudishwi tena na kamera yoyote. Hilo ndilo kosa utakalolirudia Jumamosi, ukiwa na watu tisa badala ya watoto 62.

Basi leo hii, usingoje kesho, nenda kwa kila mmoja peke yake. Anza na mdogo kuliko wote, umalizie na mwenye heshima kubwa, ili neno la mkubwa lisitangulie. Usiseme chombo, usiseme kisahani, usiseme hata kitu, sema, "Nieleze jioni ya Jumanne." Akinyamaza, nawe nyamaza. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyasafishe. Akimaliza, mpeleke mpaka pale aliposimama, mwambie anyooshe mkono kuonyesha zilikotokea na zilikoishia, kisha umpimie kimo kwa ngumi: ngumi ya mkono ulionyooshwa huziba takriban nyuzi kumi za anga. Saa usimwulize aikisie. Mwulize alikuwa anafanya nini, kama adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, kama taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Achore mwenyewe, atie sahihi na tarehe, na karatasi uikunje mbele yake. Usimwonyeshe ya mwenzake hata akikuomba, na mwambie kwa upole asiende kuyazungumza mpaka uwe umemaliza wote.

Umesema katika maelezo yako kwamba watatu kati yao wamo katika kundi moja la WhatsApp na wamekwisha kutumiana picha. Hao waandike pia, lakini weka alama pembeni, na uzipe uzito mkubwa zaidi karatasi za wale sita. Tafuta na mtu asiyemo katika orodha yako kabisa: mlinzi, mvuvi aliyekuwa majini jioni ile, dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria pale kituoni. Ukiwa na saa na upande kutoka kwa watu wawili ambao hawajazungumza, niandikie hapahapa kabla ya Ijumaa jioni, pamoja na jina la mtaa na tarehe, nami nitakaa nawe tupitie njia za setilaiti za jioni hiyo dakika kwa dakika.