Jibu: Kwa nini uasi wa Wagner uliishia njiani

Mkuu, umeuliza iweje Wagner, jeshi binafsi la mamluki wa Urusi, waikaribie Moscow kiasi kile halafu wageuze, na kwa nini Marekani haikutumia mwanya huo.

Kilometa zisikudanganye. Tarehe 24 Juni 2023 walichukua makao makuu ya Kanda ya Kijeshi ya Kusini mjini Rostov-on-Don karibu bila upinzani, kisha msafara ukapanda barabara ya M4 hadi, kwa maelezo ya kiongozi wao Yevgeny Prigozhin mwenyewe, kilometa 200 hivi kutoka Moscow. Lakini hakuna kikosi kikubwa cha jeshi kilichohamia upande wake, na hapo ndipo uasi hufa. Wengi walikaa pembeni kusoma upepo; hilo humfaa aliyeko ikulu, si anayekuja. Isitoshe, fedha na risasi zao zilitoka serikali ileile waliyoiasi.

Linganisha na Agosti 1991. Waliojaribu kumpindua Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Sovieti, walikuwa na waziri wa ulinzi na mkuu wa KGB, shirika la ujasusi (mtaji ambao Prigozhin hakuwahi kuuota), ila hawakumkamata Yeltsin, rais wa Urusi aliyewapinga, na makomandoo wa Alfa, kikosi maalumu cha KGB, wakagoma kuvamia jengo la bunge. Siku 3 tu, kwisha.

Marekani nayo? Biden aliwahi kutangaza kwamba hawahusiki. Nchi yenye maelfu ya vichwa vya nyuklia ikitaka kupasuka, mpinzani wake huuliza kwanza funguo ziko kwa nani. Na kumshabikia Prigozhin hadharani kungempa Putin propaganda ya bure.